Mnyororo Ndani ya Pombe ya Kipaimara

Niliutumbukiza mnyororo wa baiskeli ndani ya pipa la pombe ya kipaimara cha mdogo wangu Neema, pamoja na pedeli zote mbili, nikafunika na majani ya mgomba na kuondoka zangu kama mtu mwenye akili timamu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akafika katikati akanionea huruma. Na kwa wanaojua mambo, haikuwa pombe bado. Zilikuwa ndizi mbivu zilizochemshwa, zikapondwa, zikaachwa kwenye pipa zichachuke, zikisubiri uji wa ulezi ndipo ziitwe mbege. Lakini Mama alishaanza kuziita pombe tangu siku alipozimenya, na kila mama wa jumuiya aliyepita pale nyumbani alikuwa anafunua pipa, anachungulia, ananusa, anatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba ndani kuna mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nanusa pia. Nilikuwa nanusa asidi.

Nisingeandika habari hizi kama si Baba Mdogo. Desemba iliyopita ukoo mzima ulipopanda Machame kama kawaida yake, magari yamejaa migombani kote hadi kuku hawana pa kupita, Baba Mdogo alisimama na mfupa wa mbuzi mkononi, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye saa, akawasimulia watu kisa changu. Alikikosea chote. Alisema nililewa, nikaiba baiskeli, nikatumbukia mtoni. Watu wakacheka hadi kukohoa vipande vya nyama. Sikulewa, sikuiba, na hakuna mto. Sasa hivi nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na nikiutazama ule ujana wangu, yaani mwaka juzi, naona hakuna mtu mwingine wa kuusimulia kwa usahihi. Wakubwa wanakumbuka vitu kwa tumbo.

Mwaka wenyewe ulianza Januari, ndugu walipoteremka kurudi Dar na kutuachia mifupa, chupa, na kimya. Mama akaniambia nisafishe banda la ng'ombe, upande wa nyuma ambako hakuna aliyekuwa amefika tangu sijui lini. Niliondoa magunia yaliyooza, nikaondoa maganda ya kahawa yaliyoshikana kama keki, na chini yake nikakutana na baiskeli. Nasema baiskeli kwa sababu najua ilivyo leo. Siku ile ilikuwa kitu cha kutapisha. Kuku walikuwa wameifanya choo kwa miaka, tandiko lake lilikuwa limefunikwa na tabaka jeupe na kijani, gumu juu, laini chini, na hilo la ulaini nililijua kwa kidole. Nilipolipiga tandiko na fimbo, panya alitoka kwenye upasuko akaniruka begani, na ndani nikawaona watoto wake, wekundu, hawana manyoya, wanajikunja kunja kama vidole vilivyokatwa. Sikula mchana ule. Mama alipika mtori mzuri kabisa, na kila nilipoinua kijiko niliona vidole.

Babu alikuwa amekaa nje ya jiko na kibuyu chake, akitema mbegu za kitu fulani. Nikamuuliza, “Babu, ile baiskeli ya bandani ya nani?”

“Yangu.”

“Mbona hujawahi kusema una baiskeli?”

“Hujawahi kusema una akili, na mimi sijakuuliza.”

Aliachiwa na mmishenari mmoja aliyerudi kwao zamani, na haikufanana na baiskeli nyingine za kijijini. Matairi yake yalikuwa manene kama ya pikipiki, usukani umepanuka kama pembe za ng'ombe wa Wamasai, fremu imepinda kwa madaha kama mwanamke anayejua anatazamwa. Breki haikuwa mkononi. Ukitaka kusimama unarudisha pedeli nyuma, na mnyororo unaivuta breki iliyofichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Ushike huo utaratibu. Kwa maneno mengine, mnyororo ukitoka, huna breki, umebaki na sala.

Mama aliitazama mara moja tu, akaziba pua na kanga. “Lile chuma lisiingie ndani kwangu,” akasema. “Na nikuambie kabisa, Elibariki. Siku litakaponiharibia kitu kimoja ndani ya nyumba hii, kimoja tu, linaenda kwa mtu wa skrepa.” Mtu wa skrepa alikuwa anapita kijijini na mkokoteni akinunua vyuma chakavu, masufuria yaliyotoboka na betri zilizokufa, na Mama hatanii. Aliwahi kumuuzia redio ya Baba ikiwa bado inaongea.

Kwa hiyo tangu Januari nilikuwa naijenga baiskeli huku nikiwa mfungwa wa nje. Niliifanyia kazi chini ya mti wa kahawa, kwenye kipande cha turubai, mvua ikinyesha nahamia chini ya paa la banda, pua yangu na mkia wa ng'ombe vikiwa jirani. Niliisugua kwa msasa na mafuta ya taa. Kutu ilitoka unga unga, ikaingia kwenye kucha, ikaingia kwenye kiburu nilichokuwa nakula kwa mkono, na ndizi zikipakwa kutu na maharage ladha yake ni kama kulamba geti. Ndani ya bomba la usukani kulikuwa na kitu cheusi kinachovutika kama makamasi ya mtu mzima. Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, grisi ya mmishenari ilikuwa imegeuka gamu yenye miguu ya wadudu. Watu wanaosema vitu vya kale vina uzuri wake hawajawahi kuvifungua. Kuna siku vijana wawili wa Kizungu wanaojitolea shuleni walisimama barabarani wakaipiga picha, wakaniambia ni ya thamani sana, nisibadilishe hata skrubu. Nikawaambia karibuni mshike. Hawakushika. Nimegundua kitu kikioza kidogo kinaitwa uchafu, kikioza sana kinaitwa urithi.

Mimi sikutaka urithi, nilitaka kupanda nayo kwenye vijia vya migombani. Kule kwetu barabara ya lami ni moja na imejaa watu wa kuwasalimia, shikamoo ishirini kabla hujafika dukani, lakini vijia ni vingi kama mishipa, vinafuata mifongo, yaani ile mifereji ya maji ya zamani, vinapita nyuma ya nyumba za watu, vinashuka mabondeni na kupanda tena. Ndiyo maana nikaibadilisha. Madigadi niliyatoa kwa sababu tope lilikuwa linakwama humo. Gurudumu la nyuma nikaliwekea giya kubwa zaidi ili kupanda kuwe kwepesi. Nyuma nikachomelewa keria ya nondo yenye nguvu ya kubeba mkungu wa ndizi, au Neema, ambaye uzito wake ni ule ule. Matairi ya meno niliyapata Kiboriloni, kwenye mitumba, yakiwa yamefungwa pamoja na viatu vya mpira vya mtu ambaye miguu yake iliendelea kunuka hata baada ya yeye kuvitoa sadaka.

Fundi aliyenisaidia mjini Moshi aliitwa Chaz, na alikuwa mshenzi. Kujua kama kipira cha valvu kinavuja, hakuhangaika na beseni la maji kama watu wengine. Alitema mate kwenye kidole, akapaka valvu, akatazama kama yanatoa povu. Yakitoa povu anasema, “Inavuja.” Yasipotoa anatema mengine ili kuhakikisha. Kisha kwa kidole kile kile alichukua andazi langu, akalikata katikati, akanirudishia nusu.

“Mbona huli, dogo?”

“Nimefunga.”

“Mlutheri anafunga Jumanne?”

“Nimeanza leo.”

Pamoja na mate yake, baiskeli ilitembea. Ilipofika Julai nilikuwa nateremka nayo kwenye kijia cha mfongo, tandiko jipya la springi likinirusha, majani ya mgomba yakinipiga usoni. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu duniani nilichokitengeneza mimi. Nilijua pia kwa nini watu waliweka madigadi. Ng'ombe wakipelekwa josho hupita njia hiyo hiyo, na gurudumu la nyuma lisilo na kifuniko linachota kila walichoacha na kukipanga mgongoni mwako kwa mstari ulionyooka, kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Neema alikuwa ananisubiri getini kwa furaha. “Umekuja na mgeni,” alikuwa anasema. “Yuko nyuma yako.” Mama aliacha kufua mashati yangu. Nilikuwa nayafua mwenyewe, kwa kutumia kijiti, uso nimeugeuza pembeni.

Kilichobaki ni mnyororo. Ulikuwa bado ule ule wa mmishenari, na Chaz hakupata mwingine wa upana ule. Ulikuwa na kutu hadi kwenye viungo, ukizunguka unalia kama mbwa aliyekanyagwa. Msasa haukufika ndani, mafuta ya taa hayakufika. Halafu Novemba, wiki ile ile ya kipaimara cha Neema, mwalimu wa kemia akasimama akasema asidi hula kutu. Alitaja siki, alitaja ndimu. Akasema chochote kilichochachuka. Darasa zima waliandika. Mimi peke yangu nilifikiri, na huo ndio ubaya wa kufikiri peke yako.

Ijumaa jioni nikautumbukiza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mnyororo ulale humo, asubuhi niutoe kabla Mama hajaamka, hakuna atakayejua. Lakini Jumamosi ile Mama aliamka kabla ya jogoo, akaenda shamba la chini kukata majani ya ng'ombe, maana siku ya Jumapili asingepata muda, na akaacha maagizo kwamba akirudi mchana atapika uji wa ulezi na kuchanganya. Nilipofunua pipa, nikauvuta mnyororo. Sijawahi kuona chuma kizuri namna ile. Ulitoka unang'aa, kijivu cha fedha, kila kiungo kinacheza kama kidole cha mpiga kinanda. Nikacheka mwenyewe. Kisha nikatazama ndani ya pipa.

Ndizi zilikuwa nyeusi. Si kahawia, nyeusi kama wino wa mhuri, na juu yake kulikuwa na utando wa rangi ya zambarau unaometameta, mapovu yakipasuka polepole na kutoa harufu ya sarafu iliyonyonywa. Nilichovya kidole nikalamba, kwa sababu mimi ni mjinga mwenye bidii. Ulimi ulikunjamana. Nikatema mara tatu, na mate yenyewe yalikuwa meusi.

Babu akaja nyuma yangu na fimbo yake. Akachungulia. Akachukua kata, akachota, akanywa taratibu huku akinitazama, akafuta mdomo kwa kiganja.

“Ina chuma,” akasema.

“Babu, usinywe.”

“Daktari alisema damu yangu ina upungufu wa chuma. Wewe ni nani?” Akachota nyingine. “Mama yako akiiona hii, lile baiskeli limekwenda. Na wewe labda pia.”

“Nifanye nini?”

“Shangazi yako Ndeshi anapika kila wiki kwa ajili ya kilabu chake. Ana za kwake zilizochacha. Panda.” Halafu akakaa chini kando ya pipa, kata mkononi, kama mtu aliyepata kazi.

Nilirudisha mnyororo mbio mbio. Gurudumu la nyuma inabidi ulivute nyuma ili mnyororo ukaze, kisha ufunge nati. Mimi nilifunga nati bila kuvuta vizuri, mnyororo ukabaki umelegea kidogo, nikaupaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kwa kuwa grisi ilikuwa imekwisha, na nikaondoka na madumu mawili matupu kwenye keria.

Kwa Shangazi Ndeshi ni juu kabisa, karibu na msitu, ambako ukungu unakaa hadi saa nne. Nilifika natoa ulimi. Shangazi ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, na jikoni kwake nzi wanatembea badala ya kuruka, kwa sababu wameshiba. Mapipa yake yalikuwa wazi. Nzi waliokufa walielea juu, na walio hai waliwakalia kama mitumbwi.

“Shikamoo Shangazi.”

“Marahaba. Umeua nani?”

Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta. “Mnyororo,” akasema. “Wa baiskeli. Kwenye pombe ya kanisa. Mwanangu, ng'ombe wenu ana akili, mngempeleka yeye shule.” Lakini alichota. Aliwaondoa nzi kwa kiganja, akajaza madumu yote mawili, na badala ya vifuniko akaziba na majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa. “Usikaze kifuniko,” akasema. “Hii kitu inapumua. Ukiinyima pumzi itakutafuta.”

Niliitikia ndiyo Shangazi, aika Shangazi, yaani asante. Nilipofika kona ya kwanza, dumu la kushoto likaanza kuchuruzika kwenye suruali yangu, uvuguvugu, mzito, ukishuka taratibu kuelekea kwenye soksi. Nikasimama. Niliwaza muda gani umebaki, niliwaza mtu wa skrepa, niliwaza pia ule uvuguvugu. Nikatoa majani, nikatoa kifuniko mfukoni, nikakaza kwa nguvu zangu zote. La kulia nikaliacha kwa sababu halikuvuja.

Kijia cha kurudi ni mteremko mtupu. Ndizi zilizochacha zikipigwa pigwa na mawe zinafanya kazi haraka. Nilikuwa nasikia nyuma yangu dumu linatoa sauti, tok, tok, plastiki ikivimba, nikajiambia ni keria. Kwenye mzizi wa mti wa msesewe baiskeli iliruka, na miguu yangu ikazunguka hewani bila kushika kitu. Mnyororo ulikuwa umetoka. Nikarudisha pedeli nyuma, hakuna. Nikarudisha tena kama mtu anayebonyeza swichi umeme ukiwa umekatika. Kijia kikapinda, mimi sikupinda. Niliingia kwenye kahawa ya mtu, nikatoka kwenye kahawa ya mtu, nikapita katikati ya mbuzi wawili walionitazama bila kuacha kutafuna, na nikaishia kifuani mwa lundo la samadi ambalo mtu mmoja mwenye bidii alikuwa amelipanga vizuri kwa ajili ya msimu. Lilikuwa la moto ndani. Nilizama hadi mabegani. Na nilipokuwa natafuta mdomo wangu ulipo ili niufunge, dumu la kushoto likalipuka.

Sitaeleza kwa kirefu. Ndizi zilinifika kisogoni, masikioni, ndani ya kola, zikashuka mgongoni zikakutana na samadi, zikaelewana. Nilikuwa na kipande cha ndizi ndani ya pua. Nilikuwa na nzi wa Shangazi, yule yule labda, kwenye kope. Dumu la kulia lilikuwa limelala kwa upande, majani yake yamekaa, halikumwagika hata kijiko. Baiskeli ilikuwa nzima. Nilikaa pale nikaitazama, usukani wake umejichomeka kwenye mavi kwa madaha, nikajisemea kwamba imekwisha, wiki ijayo itakuwa nondo ya ghorofa la mtu Dar. Nililia kidogo. Machozi yalikuwa kitu safi pekee mwilini mwangu, na hayakudumu.

Nikaikokota hadi nyumbani. Kwa mbali niliona mzigo wa majani ya ng'ombe umetuliwa getini, nikajua Mama amerudi. Nilikuwa na mpango bado: ningepita nyuma, nimwage nyeusi, nimimine nyeupe, niseme nimeanguka shambani. Lakini Babu alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anaimba wimbo wa kwaya ya zamani kwa Kichagga, na midomo yake ilikuwa myeusi. Meno mawili aliyobaki nayo yalikuwa meusi. Ndevu zilikuwa na mistari. Neema alikuwa amesimama pembeni na gauni lake jeupe la kesho mkononi, amelinyanyua juu juu lisimguse. Mama alikuwa ameinama kwenye pipa, na mkononi alikuwa ameshika pedeli. Moja. Katika haraka zangu za asubuhi nilitoa mnyororo, nikatoa pedeli moja, ya pili niliisahau, na nilipanda mlima mzima nikikanyaga kijiti cha chuma kitupu upande mmoja bila kushangaa.

“Mkwe,” Babu akamwambia, “usiimwage. Nimeizoea.”

Mama alinitazama kuanzia juu. Alitazama nywele, shingo, mistari ya samadi na ndizi, viatu. Akaitazama baiskeli muda mrefu. Kisha akaja, akashusha dumu lile moja kwa mikono yake, akatoa majani, akanusa, akachota kwa kata, akaonja. Akaonja tena. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu la shamba la chini hadi magotini, na kulikuwa na jani la nyasi limenasa kwenye kilemba chake ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia. Alirudisha majani kwenye mdomo wa dumu, akanipa pedeli yangu mkononi, akarudi nyuma hatua moja, akaziba pua na kanga. Baba Mdogo husema Mama alinichapa. Hakunichapa. Alisema hivi:

“Usinisogelee. Dumu moja halitoshi. Kaoge, kula, funga hiyo pedeli, halafu upande tena kwa shangazi yako na baiskeli yako, mimi nikipika ulezi.”